Puli ya alumini isiyolika haraka: mambo yanaamuliwa wakati inaganda

Kama unamimina puli za mashine za kusaga kwa alumini ya skrepa bila shaka hii umeshaiona, puli mbili zimetoka chungu kimoja, moja inakaa msimu baada ya msimu, nyingine mfereji wake unalika mpaka mkanda unazama chini unaanza kuteleza na mwenye mashine anakuja juu anadai umemuuzia bati. Watu wanalaumu skrepa, wanasema alumini ya siku hizi feki. Skrepa inachangia ndio, lakini mara nyingi tofauti imetokea ndani ya zile dakika chache alumini inatoka kuwa uji na kuwa kitu kigumu, na hapo fundi una mamlaka makubwa kuliko unavyodhani.

Mfano wangu humu wote ni puli ya mkanda ya mashine ya kusaga, maana ndo kitu kinachomiminwa sana na kinalika kweli, vumbi la unga lenyewe sio shida, shida ni mchanga unaokuja na nafaka na pumba za mpunga ambazo zina silika nyingi (madini magumu yale yale ya mchanga), hiyo inaingia kati ya mkanda na mfereji inafanya kazi ya msasa kutwa nzima. Ila maelezo haya haya yanafaa bushi, kibebeo cha shafti, chochote cha alumini kinachosuguliwa.

Kwanza elewa kinachotokea ndani

Usiruke hapa, hatua zote za mbele zinategemea hii.

Alumini tupu inayeyuka kwa digrii 660. Ukiichanganya na silikoni (elementi ngumu, sio ile silikoni ya mpira) joto la kuyeyukia linashuka, na linafika chini kabisa silikoni ikiwa asilimia 12.6 hivi, mchanganyiko huo unaganda wote kwa pamoja kwenye digrii 577, unaitwa yutektiki. Sasa chukua alumini ya rimu za gari ambayo ina silikoni kama asilimia 7. Ikishuka kufika digrii 615 hivi vinaanza kuota vijiti vya alumini iliyo karibu tupu, vijiti vinatoa matawi na matawi yanatoa vitawi, hizo ndo dendraiti. Silikoni inakataliwa na vijiti inabaki kwenye uji wa katikati, uji unazidi kuwa na silikoni nyingi mpaka unafika ile 12.6 afu nao unaganda. Kwahiyo kipande chako kikishapoa ndani yake kuna matawi laini ya alumini, na katikati ya matawi kuna vichochoro vya silikoni ngumu. Silikoni ikizidi 12.6 mambo yanageuka, silikoni ndo inatangulia kuganda, inatoka mabonge yenye kona kona, hiyo tunaiita silikoni ya mwanzo.

Ugumu wa silikoni kwa kipimo cha Vickers ni karibu 1000, wakati alumini inayoizunguka inacheza kwenye 60 mpaka 100 na kitu. Yaani ni zege, silikoni ndo kokoto na alumini ndo saruji. Kokoto ndo inabeba msuguano, saruji kazi yake kushika kokoto isichomoke.

Sasa umbo la hiyo silikoni linatokana na spidi ya kuganda. Ikiganda polepole bila dawa yoyote (dawa yenyewe iko hatua ya 4) inatoka bapa ndefu ndefu, ukikata unaziona kama sindano, na kila ncha ya sindano ni mahali pa kuanzia ufa. Ikiganda haraka, au ukiweka dawa, inatoka nyuzi nyuzi fupi zilizojaa kila mahali. Na nafasi kati ya vitawi vya dendraiti nayo inabana: ukimimina kwenye mchanga mara nyingi unapata mikroni 50 hadi 100 (mikroni moja ni milimita ukiigawa mara elfu), kwenye kalibu ya chuma 20 hadi 40, na zile mashine za kusukuma kwa presha kubwa 5 hadi 15.

Kuna hesabu moja muhimu hapa. Ile nafasi ya vitawi inafuata kipeuo cha tatu cha muda wa kuganda, maana yake ukitaka ipungue nusu lazima muda wa kuganda upungue mara nane. Na muda wa kuganda wenyewe unafuata unene kwa kipeo cha pili, ukipunguza unene nusu muda unashuka mara nne tu. Kwahiyo wale wanaosema "punguza unene wa puli itakuwa ngumu" wanakupa nusu ya dawa, ukibaki kwenye mchanga mtupu inabidi upunguze unene karibu mara tatu ndo upate hiyo nusu, na hapo puli haina nguvu tena. Chuma cha kupoozea kinafanya kazi hiyo bila kugusa unene, tutafika.

Kulika nako kuna aina zake. Kuna kukwaruzwa, vumbi gumu linachimba mifereji. Kuna kunatana, alumini ikisuguana na chuma bila mafuta inajishika kwenye chuma inang'oka vipande, mafundi tunasema imekula shafti. Afu kuna ya kichinichini, uso unakandamizwa mara elfu na elfu, nyufa zinaanza chini kidogo ya uso pale penye sindano ya silikoni, sindano ya feri (chuma kilichoyeyukia ndani ya alumini) au kitundu cha hewa, zinatembea sambamba na uso mwisho gamba linabanduka. Hii ya tatu ndo inategemea kuganda kuliko zote, na ndo inayofanya puli ionekane nzuri mwanzoni afu ianze kumomonyoka ghafla.

Na usichukulie kwamba kila kitu kikiwa kidogo zaidi ndo bora, sio kweli. Kwa kukwaruzwa na mchanga mkubwa chembe ndogo sana za silikoni zinaweza kuchotwa pamoja na alumini yake kama vile hazipo, hapo wingi wa silikoni na ugumu wa alumini inayoishika vina uzito kuliko udogo wa chembe. Kwa bushi inayosuguana na shafti ya chuma, chembe ndogo za mviringo zilizotawanyika vizuri ndo mpango. Kwa puli mimi nashika katikati: silikoni karibu na 12, sindano zivunjwe, alumini iwe ngumu, vitundu visiwepo.

Hatua ya 1: chagua skrepa kwa silikoni yake, sio kwa bei

Pistoni ndo mama lao. Za kawaida zina silikoni asilimia 11 hadi 13, na shaba, magnesiamu na nikeli kama asilimia moja moja hivi. Zimetengenezwa kwa kusuguliwa kwenye joto, hutapata skrepa bora ya kazi hii. Silinda hedi na kava za giaboksi zinafuata, silikoni 5 hadi 10 na shaba ya hapa na pale. Rimu za gari 7, safi lakini silikoni kidogo, changanya na pistoni. Waya za umeme, fremu za madirisha, sufuria kuukuu na makopo ya soda weka pembeni kabisa, hizo karibu hazina silikoni, ni saruji isiyo na kokoto, puli ya makopo inang'aa siku ya kuuza basi.

Kama una kipande hujui ni nini, kipige msasa pasafi, dondoshea tone la kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, kijiko kimoja kwenye nusu glasi ya maji (mimina soda kwenye maji, usimimine maji kwenye soda, na vaa miwani). Subiri dakika chache uoshe. Alumini ya dirisha inabaki nyeupe, yenye silikoni inageuka kijivu cha udongo, yenye shaba nyingi inakuwa nyeusi tii.

Angalia pia magnesiamu. Baadhi ya kava za misumeno ya mota na za giaboksi ni magnesiamu, zinafanana na alumini ila nyepesi zaidi, zikiingia kwenye chungu zinawaka moto ambao ukimwagia maji ndo unaharibu zaidi. Tone la siki tu, magnesiamu inatoa mapovu, alumini inakaa kimya.

Toa ringi, pini na kila kipande cha chuma kabla hujaweka motoni. Pistoni nyingi za dizeli zina pete ya chuma iliyomiminwa ndani pale penye ringi ya juu, hiyo huwezi kuitoa kwa mkono, inabaki chini alumini ikishayeyuka, ivue mara moja usiiache ikaogelea humo.

Hatua ya 2: kuyeyusha bila kuingiza feri na gesi

Maadui wawili hapa, na wote hawaonekani mpaka kipande kigande.

Feri inaingia kutoka kwenye chungu. Wengi tunayeyushia kwenye mtungi wa gesi uliokatwa au bomba lililozibwa chini, alumini ya moto inakula chuma polepole, na feri ikishazidi kama asilimia 0.8 inatoka sindano ndefu nyembamba wakati wa kuganda, mbaya kuliko za silikoni. Hazitoki kwa kuchuja wala kwa chumvi. Chungu cha grafiti ndo suluhisho la kudumu. Kama huna, paka chungu chako cha chuma ndani kwa chokaa au mfinyanzi laini uliochanganywa na unga wa grafiti, tabaka nyembamba mbili tatu, kila moja ikauke kabisa motoni, na rudia kila inapobanduka. Manganizi inasaidia kugeuza sindano za feri kuwa umbo lililojikunja lisilo na ncha, kiasi chake ni kama nusu ya feri iliyopo, ila hiyo ni ya mtu mwenye vipimo vya maabara, kwa karakana ya kawaida linda chungu tu.

Gesi ni haidrojeni, inatoka kwenye maji, mafuta, unyevu wa mkaa, kutu mbichi kwenye koleo. Alumini ya uji inabeba haidrojeni karibu mara 20 kuliko ikiwa imeganda, kwahiyo ikiganda ile ziada inatoka na kubaki vitundu kati ya vitawi. Ukikereza unaona nukta nukta nyeusi, kila moja hapo ni mlango wa gamba kubanduka. Skrepa ioshwe mafuta, ikaushwe, ipashwe pembeni ya tanuri kabla ya kuingia. Kipande chenye unyevu au uwazi uliozibwa ukikitumbukiza kwenye alumini iliyoyeyuka kinaweza kulipuka kikurushie moto usoni, hii haina mjadala.

Joto liwe 700 hadi 740, nunua themokapo ya aina ya K (kipimo cha joto cha waya), bei yake haizidi hasara ya siku moja ya kumimina vibovu. Kukadiria kwa rangi mchana kwenye alumini haiwezekani, inakaa na sura ya fedha tu, ikianza kuonyesha wekundu mchana kweupe ujue umeshapitiliza na inanywa gesi kwa kasi.

Hatua ya 3: safisha

Changanya chumvi ya mezani na mbolea ya MOP, hiyo ni potasiamu kloraidi, nusu kwa nusu, kausha kwenye sufuria mpaka iache kutoa mvuke, nyunyiza juu, koroga taratibu uso wa juu, takataka zinajitenga kuwa unga mkavu, zichote. Usikoroge mpaka chini unazamisha ngozi ya oksaidi (ile ngozi nyembamba inayojitanda juu ya uji), ngozi ile ikikunjwa ndani ya uji inabaki kuwa ufa ambao haujafunguka bado.

Kutoa gesi, njia nzuri ni gesi ya agoni ya wale wanaochomelea alumini. Bomba jembamba la grafiti au la chuma lililopakwa, lipashwe, lizame mpaka chini, mapovu madogo ya taratibu kwa dakika kama kumi. Kuna wanaotumbukiza kijiti kibichi au kiazi, mapovu yanatoka mengi kweli inaonekana kazi inafanyika, lakini kile ni mvuke wa maji, unaongeza haidrojeni huku unashangilia. Vidonge vya kutolea gesi vinafanya kazi ila moshi wake una klorini, nje penye upepo na ukae upande unakotokea upepo, sio ndani ya kibanda.

Kipimo cha bure: chota kidogo mimina kwenye kikombe kidogo cha chuma kilichopashwa, angalia uso ukiganda. Ukibonyea katikati uko vizuri. Ukivimba kama umeumuka, rudi kwenye agoni, usimimine.

Hatua ya 4: dawa ya kuvunja sindano

Hii imejulikana tangu 1920, Aladár Pacz aligundua kwamba sodiamu kidogo inageuza silikoni ya yutektiki kutoka sindano kuwa nyuzi laini. Sodiamu yenyewe inapotea haraka, nusu saa tu imeisha nguvu, na sodiamu tupu ni hatari, usiihangaikie. Siku hizi watu wanatumia stronshiamu, inauzwa kama vipande vya alumini vyenye stronshiamu asilimia 10. Lengo ni asilimia 0.02 hivi, kwa hiyo alumini kilo 10 inataka stronshiamu gramu 2, ambayo ni gramu 20 za vipande. Weka, subiri kama dakika 15 iyeyuke na kusambaa, mimina. Inadumu masaa, ila usirudi kupuliza gesi kwa fujo baada ya hapo.

Kuna kitu kimoja wanaotumia pistoni lazima wakijue. Viwandani pistoni nyingi huwekwa fosforasi ili silikoni ya mwanzo itoke mabonge madogo, na fosforasi na stronshiamu ni wapinzani, moja inaua kazi ya nyingine. Ndo maana mtu anaweka stronshiamu kwenye pistoni anaona hamna kilichobadilika, inabidi aongeze kidogo au achanganye na rimu ili fosforasi ipungue.

Ukitaka kwenda njia ya pili, silikoni juu ya 12.6 na mabonge, kama bloku za Chevrolet Vega ya 1971 na Porsche 928 zilizotumia alumini ya aina inayoitwa 390 yenye silikoni asilimia 17 bila slivu ya chuma, ambapo alumini ya juu inaondolewa kidogo ili mabonge ya silikoni yasimame yenyewe yabebe mzigo, basi hapo unaachana na stronshiamu unatumia fosforasi. Zile fimbo za mafundi friji za kuunganishia mabomba ya shaba zina fosforasi karibu asilimia 7, ila zinataka uji wa digrii 780 na kuendelea ili ifanye kazi, na usipoweka mabonge yanazidi mikroni 100, yanapasuka na kuchomoka afu yanageuka kuwa mchanga wa kujisagia mwenyewe. Kwa puli sioni sababu ya kujitesa hivyo.

Na kama huna dawa yoyote? Poozesha haraka. Kuganda kwa kasi peke yake kunavunja sindano kwa kiasi kikubwa, na kwa karakana nyingi hapa ndo pa kuweka nguvu.

Hatua ya 5: kalibu, na hapa usiwe na haraka

Kosa ninaloliona sana kwenye puli ni hili: fundi anamimina duara nene kwenye mchanga, afu anaenda kwenye lethi anakereza mfereji wa V mpaka chini. Fikiria amefanya nini. Ngozi ya nje iliganda kwanza, ndo yenye muundo mzuri na vitundu vichache, ameikata yote akaitupa kama takataka za lethi, na mkanda sasa unakaa kwenye nyama ya ndani iliyoganda mwisho, yenye vitawi vilivyoachana, sindano ndefu na vitundu vyote. Amenunua pistoni nzuri, amesafisha vizuri, afu kachagua sehemu mbovu kuliko zote ndo iwe ya kusuguliwa.

Fanya kinyume chake. Mfereji umiminwe ukiwa tayari na umbo lake, uache milimita moja hadi moja na nusu tu ya kusafisha, na pale penye mfereji paguse chuma badala ya mchanga. Kereza pete ya chuma yenye umbo la mfereji, ikate vipande viwili au vitatu ili itoke kipande kikishaganda, ipange ndani ya kalibu ya mchanga kuzunguka ukingo wa puli. Hicho ndo chuma cha kupoozea. Unene wake uwe walau sawa na unene wa ukingo wa puli, kikiwa chembamba kinapata moto mara moja kinaacha kufanya kazi. Kisiwe na kutu, kipakwe grafiti au chokaa nyembamba, kipashwe mpaka mkono hauwezi kukigusa, maana chuma baridi ndani ya mchanga wenye unyevu kinavuta maji na hayo maji yanakuwa mapovu pale pale ulipotaka pawe safi.

Kama unamimina puli za saizi moja nyingi tengeneza kalibu nzima ya chuma cha kumiminwa, unaipasha 200 hadi 300 kabla ya kila kumimina, inalipa. Ikiwa baridi sana uji unaganda kabla haujafika kona, unapata mikunjo.

Sasa kitovu. Alumini hii inapungua ujazo kama asilimia 4 hadi 6 ikiganda, lazima kuwe na akiba ya uji inayojaza. Mpangilio uwe ukingo unaganda kwanza, halafu mikono, halafu kitovu, na juu ya kitovu raiza nene (ndo hiyo akiba ya uji) ambayo inaganda ya mwisho kabisa. Chuma cha kupoozea kwenye ukingo kinasaidia hapa pia. Raiza ukiiweka kwenye ukingo umegeuza mpango mzima, ukingo utaganda polepole.

Kumimina kwenyewe: joto 690 hadi 720, taratibu, mdomo wa chungu karibu na kalibu. Uji wa alumini ukipita nusu mita kwa sekunde unaanza kujikunja na kuzamisha ngozi yake ya oksaidi, na spidi hiyo unaifikia ukidondoka sentimita 1.3 tu. Ndo maana njia ya kuingilia iwe chini, uji upande wenyewe kutoka chini kwenda juu kwa utulivu. Kumimina kutoka juu kwa mbwembwe ni kujaza nyufa ndani ya puli. Na usimwagie kalibu maji ili ipoe haraka, kuganda kumeshaisha, unachopata ni kujikunja na hatari ya mvuke.

Hatua ya 6: kuipika

Ukitumia pistoni, ile magnesiamu na shaba iliyomo inakuruhusu kuongeza ugumu kwa joto dogo. Puli iliyoganda haraka kwenye chuma iweke kwenye oveni digrii 170 hadi 180 kwa masaa sita mpaka nane, iache ipoe. Saruji inakaza, kokoto haitoki kirahisi. Ile ya kupika mpaka digrii 500 na kuzima kwenye maji ya moto inaleta zaidi, inaviringisha hata ncha za silikoni, lakini skrepa hujui ina shaba kiasi gani na yenye shaba nyingi inaanza kuyeyuka kwenye mipaka ya ndani kabla hujaona chochote kwa nje. Bila oveni yenye kipimo cha uhakika ishia kwenye 180.

Hatua ya 7: angalia ndani kabla hujauza

Kila chungu mimina na kijiti kidogo cha majaribio kwenye kalibu aina ile ile. Kivunje kwa nyundo. Mpasuko ukimetameta na vibapa vikubwa sindano zipo, ukiwa kijivu laini kama hariri dawa au kupooza kumefanya kazi.

Ukitaka kuona zaidi sugua kipande kilichokatwa kwa msasa 220, 400, 600, 1000, 2000, kila namba ukigeuza upande mpaka mistari ya namba iliyopita iishe, malizia na dawa ya kung'arishia shaba kwenye kitambaa. Chovya sekunde kumi hivi kwenye kostiki soda nyepesi, osha. Hadubini ndogo za kuchomeka kwenye simu zinatosha kukuonyesha mabonge ya silikoni, sindano kubwa, vitundu na nafasi ya vitawi kama umemimina kwenye mchanga. Nyuzi za yutektiki iliyovunjwa vizuri hutaziona, ni ndogo mno, na kutoziona ndo habari njema. Usije ukatumia asidi ya haidrofloriki ambayo vitabu vya maabara vinaitaja, hiyo inapenya ngozi mpaka mfupa, sio kitu cha karakana.

Hatua ya 8: pima kulika

Viwandani wanatumia pini inayokaa kwenye diski inayozunguka. Wewe unaweza kukata vijiti viwili vya saizi sawa, kimoja cha kalibu ya mchanga na kingine kilichogusa chuma, kila kimoja ukibane juu ya diski ya msasa inayozunguka kwenye drili ya kusimama, uzito ule ule unaning'inia juu, dakika zile zile, na kila kijiti kipewe msasa mpya maana msasa ukishajaa alumini unadanganya. Pima kwa mizani ya sonara kabla na baada. Kijiti kikipoteza gramu 0.27 umepoteza milimita za ujazo 100, ndo uzito wa alumini ulivyo. Ila jua msasa unapima kukwaruzwa tu, kule kubanduka magamba hakutaonekana hapa. Kwa bushi badilisha, sugua kwenye diski ya chuma laini yenye mafuta kidogo, kwa muda mrefu zaidi.

Kukereza na kufunga

Hapa sio pengi. Silikoni 12 inakula kisu cha kawaida haraka, tumia cha kabaidi chenye ncha kali, pasi ya mwisho iwe nyembamba na spidi kubwa, kisu butu kinaburuza silikoni na kuipasua kwenye uso kabla puli haijaanza hata kazi. Mfereji uwe laini kwa kidole, ukiwa na mistari ya kisu mkanda ndo utaanza kulika na unga wa mpira unaobaki unashika mchanga. Pembe ya mfereji ifuate mkanda na kipenyo cha puli, kati ya digrii 34 na 40, puli ndogo inataka pembe ndogo. Ukifunga weka rula ndefu kwenye uso wa puli mbili, ya mota na ya kinu, ziguse sehemu zote nne, mkanda ukivutwa kiupande unakula ukuta mmoja wa mfereji hata kama umeugandisha vizuri namna gani.